Jinsi ya kuandika historia ya mama itakayosomwa siku ya mazishi

Kama komiti imekuchagua wewe ndio uandike historia ya mama, kwanza pole sana, halafu ujue wakati hauna. Matanga ya Nairobi huenda mbio, jioni ni mkutano na michango, asubuhi ni mochari na kibali cha mazishi na basi ya kupeleka watu ushago, na hiyo historia hakuna mtu anaiuliza mpaka wa kuprinti apige simu usiku akisema bado anangoja. Hapo ndio watu huchukua kakitabu ka mazishi mengine wakabadilisha majina, na mama yenu anazikwa na maneno ya mama wa wenyewe: mcha Mungu, mchapa kazi, alipenda watu wote.

Mwanamke aliyeishi akilea watu kazi yake haina cheti. Mzee ako na barua ya kuajiriwa na tarehe ya kustaafu, mama hana karatasi hata moja ya ile miaka yote alikuwa akiuguza mama mkwe. Kwa hivyo anza na watu waliopita mikononi mwake. Wajukuu aliolea wazazi wao wakiwa kazini, jirani aliyemwachia mtoto mchanga, wamama wa chama, wa jumuiya ama Woman's Guild kanisani, dada aliyefanya kazi hapo nyumbani (huyu husahaulika na ndiye anajua mengi kuliko nyinyi wote). Usiwaulize ati mama alikuwa mtu wa aina gani, utapewa zile sifa za kila mtu. Uliza alikufanyia nini siku gani, alikuwa akisema nini akikasirika, alikuwa anaamka saa ngapi, ni chakula gani ulikula kwake na hujawahi kuonja kingine kama hicho.

Ukipata jibu la maana liandike vile lilivyosemwa. Mfano, badala ya "alikuwa na moyo wa kuhudumia wagonjwa", andika: "Cucu (nyanya yetu) alipolala kitandani mama aliweka alamu ya simu kila masaa mawili usiku kucha, anaamka anamgeuza asitoke vidonda vya mgongo, asubuhi anapeleka watoto shule kama mtu aliyelala." Mtu yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa atajua hiyo ni kazi ya aina gani, hauhitaji kuongeza ati alijitolea.

Mzee naye msimpatie kalamu aandike, na msimuulize mbele ya wageni. Kaa na yeye asubuhi kabla watu hawajaanza kuingia, mpe chai, muombe ruhusa urekodi kwa simu, halafu uliza vitu vidogo. Baba, mlikuwa mnaishi wapi mkioana? Kodi ilikuwa ngapi? Nani alibeba godoro? Mwanaume ambaye angesema tu "alikuwa mke mwema" akanyamaza, utashangaa ataongea mpaka chai ipoe. Yake iandikwe kwa maneno yake, na kama hataweza kusimama, mtoto mmoja anasema "baba ameniomba nimsomee" na inatosha.

Tarehe nazo zinaumiza kichwa. Wamama wengi wa zamani tarehe ya kuzaliwa kwa kipande (kitambulisho) ilikisiwa tu, na shangazi wawili watakupa miaka miwili tofauti. Tumia matukio. Mzee Kenyatta akifa Agosti 1978 alikuwa ameolewa? Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shule, yalianza 1979, aliyakunywa yeye ama ni watoto wake? Wakati wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 mlikuwa mtaa gani, na ile njaa ya 1984 aliwalisha nini? Ile Ijumaa ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, alikuwa tao ama nyumbani? Hapo watu hukumbuka vizuri na hadithi zingine zinatoka zenyewe. Mkikosa kupatana andika "miaka ya 1950" mwendelee.

Orodha ya watoto na familia usiiandike peke yako, tafadhali. Kuna kesi za urithi hapa Kenya ambapo mtu amepeleka kitabu cha mazishi kortini kuonyesha kwamba alitambuliwa, ama alirukwa. Mzee na wazee wa familia waipitishe, jina kwa jina, tena kwa karatasi, sio kwa simu. Ugonjwa pia andika kile familia imekubaliana kusema basi, mambo ya bili hayaingii hapo. Lakini yule aliyemwosha na kumlisha siku za mwisho, awe mkaza mwana ama msichana wa kazi, jina lake litajwe. Mama alifanya hiyo kazi maisha yake yote bila kutajwa, angalau huyu asirukwe.

Juu kabisa weka jina la kipande, na chini yake jina watu walimwita, Mama fulani, kwa sababu nusu ya mtaa haijui hilo lingine.

Andika mbili: ndefu ya kitabu, na fupi ya kusoma. Dakika tano za kusoma pole pole ni kama maneno 600, na pasta akisema tano anamaanisha tano. Isome kwa sauti ukiwa na saa, pale unapokwama ulimi kata sentensi.

Kuprinti, wengi hupeleka River Road ama Kirinyaga Road. Hivyo vitabu vya kukunjwa na kupigwa stepla huenda kwa kurasa nne nne, yaani 8, 12, 16, kwa hivyo ukiongeza ukurasa mmoja wa picha utalipia nne. Picha zikipitia WhatsApp kawaida zinapungua ubora, zitume kama dokumenti. Za zamani zitoe kwa fremu, uzipige karibu na dirisha mchana bila flashi. Halafu kabla hawajaprinti zote itisha nakala moja, umpe mtu ambaye hakuhusika kuandika akague majina na namba za nyimbo.

Siku yenyewe muwe wasomaji wawili, kila mmoja na karatasi yake, wa kwanza akishikwa na machozi wa pili anaendelea pale pale. Herufi ziwe kubwa, na msisome kwa simu, kwa jua la saa sita pale kaburini skrini haionekani.