Kabla hujasimama mbele ya darasa kuonyesha kwamba maji ya sukari hayapitishi umeme

Betri ya volti 9, waya, taa ndogo ya LED na rezista yake (kile kipande cha kupunguza mkondo), na vijiti viwili vyeusi vya kaboni kutoka kwenye mawe ya redio yaliyokwisha. Umeme wa ukutani usiuguse. Balbu ya tochi ya zamani iache nyumbani: inataka mkondo mwingi mno, itakuficha mengi.

Kijiko cha sukari kisiwe kile cha chumvi. Naandika kwa sababu nimeona.

Sasa maji. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Inspekta alikuwa ameketi dawati la nyuma. Ubaoni nilikuwa nimekwisha eleza vizuri kabisa: chumvi ikiyeyuka inagawanyika kuwa ayoni, chembe zenye chaji, na ndizo zinazobeba umeme majini. Molekuli za sukari zinaachana tu, kila moja inabaki nzima, haina chaji. Nikachota kikombe kwenye bidoni ya njano iliyoletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka Kituku, ufukweni mwa Ziwa Kivu, nikakoroga vijiko vitatu vya sukari, nikachovya vijiti. Taa ikawaka. Binti wa dawati la mbele akasema polepole, "Mwalimu, inawaka." Nikaongeza sukari. Ikafifia kidogo, isizime. Darasa likaangua kicheko, inspekta akaandika kitu.

Sukari ilikuwa haina kosa. Maji ya Ziwa Kivu yamejaa bikaboneti, sodiamu, magnesiamu na potasiamu. Upitishaji wake wa umeme kwenye maji ya juu ya ziwa ni kama maikrosimensi 1,200 kwa sentimita, wakati maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliorudishwa kuwa maji, hayafiki hata 10. Nilipima ziwa nikamsingizia sukari. Ningetumbukiza vijiti kwenye maji matupu kwanza, ningejua kabla ya mtu yeyote. Nilijifariji kwamba Arrhenius, mkemia wa Uswidi aliyeleta habari hizi za ayoni, tasnifu yake ya 1884 pale Chuo Kikuu cha Uppsala nayo ilipewa alama duni. Yeye lakini alipata Nobel mwaka 1903.

Kuchemsha hakusaidii: mvuke unaondoka, chumvi zinabaki. Mvua ya Goma nayo usiiamini, inapita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo na kushuka na asidi. Nenda duka la dawa, nunua maji ya kuchanganyia sindano, vichupa vya mililita 10, vitano vinatosha. Usikubali seramu (maji ya dripu) ya chumvi. Ya glukozi ya asilimia 5, kama haikuchanganywa na chumvi, inafaa sana: ni sukari na maji tu, taa haitawaka. Ukinunua maji ya betri, hakikisha si asidi, maana wengine huziita zote jina hilohilo, na suruali yako itatoboka baada ya kufuliwa.

Suuza vijiti kila unapobadili kikombe. Usichovye kidole, jasho lina chumvi. Fungua madirisha, maji ya chumvi yakikaa kwenye umeme hutoa klorini. Asionje mtu. Na ile betri ya volti 9 usirudi nayo mfukoni pamoja na funguo.