Chupa, msumari na saa ya simu: tangi la kwanza la mwanafunzi wa uhandisi kemikali

Nafundisha mwaka wa kwanza, na msimamo wangu haubadiliki: asiandike mlinganyo wa tangi mtu ambaye hajakaa akalitazama tangi likijaa na kumwaga. Mitambo ya maabara ni ghali na foleni yake ndefu. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha, tena kila kundi linakuwa na yake.

Chagua chupa yenye ubavu laini. Zenye mikunjo huvuruga hesabu. Kata shingo. Shika msumari kwa koleo, upashe moto nje penye hewa, utoboe pale ubavu unapoanza kunyooka. Tundu liwe la milimita 4. Plastiki iliyoyeyuka huacha mdomo mnene. Uparue kwa wembe hadi ukingo uwe mkali. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa namba zao kutofautiana na za jirani. Bandika utepe wa karatasi wimawima, uandike sentimita, sifuri ikiwa katikati ya tundu.

Ziba kwa kidole, jaza hadi sm 20. Kabla ya kuachia, kila mmoja aandike ubashiri wake: maji yakifika sm 10, je, muda uliobaki ni sawa na uliopita? Karibu darasa zima huandika ndiyo. Achia, na simu irekodi video kuanzia mwanzo.

Kwa chupa yenye kipenyo cha mm 88, hesabu inatoa takriban sekunde 48 kwa nusu ya juu na sekunde 115 kwa nusu ya chini. Sentimita ya mwisho usiitegemee, maji huanza kudondoka badala ya kuruka. Kasi ya kutoka hufuata kipeuo cha pili cha kina, kanuni aliyoichapisha Mwitaliano Evangelista Torricelli mwaka 1644. Chora kipeuo cha pili cha kina dhidi ya muda na nukta zitajipanga katika mstari mnyoofu. Mteremko wake unakupa kigawo cha mtiririko, yaani uwiano wa maji yanayotoka kweli na yale ambayo kanuni inatabiri, ambacho kwa ukingo mkali hukaribia 0.6, kwa sababu mkondo hujibana mara tu unapotoka. Mwanafunzi akiipata 0.6 hiyo kwa chupa ya kuokota, mimi hufurahi kuliko yeye.

Sasa ingiza maji. Presha ya bomba hupanda na kushuka, kwa hiyo weka ndoo ya lita 20 juu ya meza na uvute maji kwa mpira wa levo wa mafundi ujenzi, ukiubana kwa waya hadi nusu lita ijae kwa sekunde 50. Hiyo ni ml 10 kwa sekunde. Elekeza kwenye chupa tupu, tundu likiwa wazi. Maji yatapanda, yatapunguza mwendo, kisha yatasimama karibu na sm 9: kinachoingia kimelingana na kinachotoka. Waache wakae na jambo hili. Halafu uliza: tukizidisha mtiririko mara mbili, maji yatasimama wapi? Yanataka mara nne, yaani sm 36, na chupa itafurika. Anayeona hivyo ameelewa kwa nini tangi la kiwandani linahitaji mtu wa kulisimamia.

Rudisha ml 10 kwa sekunde, kina kitulie. Ndani kuna takriban ml 550, hivyo kila tone hukaa wastani wa sekunde 55. Pembeni, changanya kijiko kidogo cha rangi ya chakula katika ml 550 za maji. Mimina kiasi kwenye glasi, nyingine ipunguze nguvu kwa nusu, nyingine robo, nyingine thumni. Kisha tia kijiko kama hicho kwenye chupa, koroga mara moja, washa saa. Kinga maji yatokayo kwenye tundu: ya sekunde ya 38 yafanane na glasi ya nusu, ya 76 na ya robo, ya 114 na ya thumni.

Ikiwa yanayotoka yamepauka mapema huku chupani rangi bado imeiva, mpira umeelekea tundu na maji mapya yanapita njia ya mkato. Uhamishie upande wa pili, urudie.