Printa haitoi karatasi ukiwa umeingia seva ya ofisi kwa mbali, anzia hapa

Hii ni kwa wale wa matawini, mfano uko Mwanza, seva yenye Tally au QuickBooks (programu za uhasibu) iko Dar, unaingia kwa Remote Desktop, ile programu ya Windows ya kutumia kompyuta iliyo mbali, na kazi zote zinaenda fresh, ila ukifika kwenye kuprinti invoisi ile printa iliyopo hapo mezani kwako haimo kwenye orodha, au imo lakini karatasi haitoki na mteja amesimama anakusubiri. Wengi hapo wanakimbilia kuingiza draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa) kwenye seva. Jamani msianze huko.

Sababu ni hii: tangu Windows Server 2008 kuna kitu kinaitwa Easy Print, na hicho kinafanya seva isihitaji draiva ya printa yako kabisa. Seva inatengeneza kurasa, inazirusha kwako kupitia njia ileile ya Remote Desktop, halafu kompyuta yako ndo inaprinti kwa draiva yako mwenyewe. Kwa hiyo toka kwanza kwenye seva, fungua Notepad ya kwako, andika neno lolote uprinti. Ikigoma hapo, huko kwenye seva utahangaika bure.

Ikitoa karatasi, fungua Remote Desktop Connection, bonyeza Show Options, nenda Local Resources, weka tiki kwenye Printers. Halafu rudi General ubonyeze Save, hapa ndo watu wanaruka, maana kama huwa unaingia kwa ile ikoni uliyowekewa desktop, inasoma setingi zilizohifadhiwa ndani yake yenyewe. Ukitaka uhakika ifungue kwa Notepad utafute mstari wa redirectprinters:i:1, ukikuta 0 mwishoni ujue printa imezimwa.

Ukishaingia angalia jina. Printa yako itakuwa imeongezewa neno redirected na namba, mfano redirected 3, na hiyo namba ni ya seshen yako, yaani kule kuingia kwako kwenye seva, kesho inaweza kuwa 7. Ndo maana programu za zamani zinazokariri printa kwa jina zinakwambia printa haipo wakati unaiona kabisa, dawa yake ni kuiambia programu itumie default printa (ile iliyowekwa kuwa chaguo la kwanza) badala ya kuitaja kwa jina. Na ukimaliza kazi fanya Sign out, ukifunga kwa X tu seshen inabaki hewani kule na printa zinaweza kuja kukwama ukirudi.

Sasa kama inaonekana lakini haiprinti, fungua foleni ya printa pande zote mbili kwa pamoja, ya seva na ya kwako, halafu tuma ukurasa mmoja uangalie. Mimi nalipenda hili kuliko vyote kwa sababu linamaliza ubishi wa nani mwenye kosa. Kazi ikitoka kwa seva ikatua kwenye foleni yako ikaganda hapo, tatizo ni la kwako: fungua Command Prompt kama administrator, andika net stop spooler (spooler ni huduma ya Windows inayoshika foleni ya printa), futa vilivyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (vilivyomo tu, folda yenyewe iache), kisha net start spooler. Hiyo usiifanye kwenye seva bila kuuliza, utakatia ofisi nzima.

Kazi ikiganda upande wa seva, au printa haitokei kabisa na tiki umeweka, hapo ni kwa mtu wa IT. Aangalie huduma mbili ziwe zinatembea, Print Spooler na Remote Desktop Services UserMode Port Redirector. Seva nyingi zilizimwa spooler Julai 2021 lilipotokea lile tundu la usalama la PrintNightmare, na nyingine hazikuwashwa tena, ila kabla ya kuwasha ahakikishe seva ina apdeti zote. Kwenye Group Policy (sheria za Windows anazoziweka mtu wa IT), sehemu ya Printer Redirection, kuna Do not allow client printer redirection, hiyo isiwe Enabled. Na hapohapo kuna Redirect only the default client printer, mi naishauri sana, inazuia lile rundo la Fax na OneNote lisikufuate.

Printa za risiti na zile za dot matrix ni kesi nyingine. Easy Print inatuma ukurasa uliokwisha kuchorwa, amri za kukata karatasi hazifiki, risiti inatoka na nafasi ndefu nyeupe au haikatwi. Hizo ndo pekee naona zinastahili draiva kwenye seva, tena jina lake lifanane herufi kwa herufi na la kwako, na ile policy ya Use Remote Desktop Easy Print printer driver first iwe Disabled.

Mteja akiwa bado amesimama, weka tiki ya Drives pia kule Local Resources, printi kwa Microsoft Print to PDF, hifadhi kwenye \\tsclient\C (hiyo ni diski C ya kompyuta yako ukiitazama kutoka kwenye seva) ndani ya folda yako, kisha fungua hiyo PDF kwenye kompyuta yako uprinti kawaida. Ukimpigia mtu wa IT mwambie jina la printa, kama inaprinti nje ya seva, na kazi imegandia foleni ipi.