Namna ya Kubaini Naitrosilesheni ya Protini katika Majani ya Njegere Yaliyopata Chumvi

Anayetaka kujua naitriki oksaidi inafanya nini ndani ya mmea ulioelemewa na chumvi asiridhike na kupima wingi wa gesi hiyo peke yake, kwa maana sehemu kubwa ya ujumbe wake hufika kwa kubadilisha protini, na mahali protini ilipobadilishwa ndipo penye habari. Askobeti peroksidesi ya njegere, kimeng'enya kinachoondoa peroksidi ya hidrojeni, inalionyesha jambo hili vizuri. Watafiti wa Hispania walieleza mwaka 2014 kwamba naitriki oksaidi ikishikamana na sisteini (asidi amino yenye salfa) ya 32 katika mnyororo wa protini hiyo, kimeng'enya huchapuka; lakini peroksinaitriti, ambayo huzaliwa gesi hiyo inapokutana na supaoksaidi (oksijeni iliyoongezewa elektroni), ikiweka kundi la naitro kwenye tairosini, asidi amino nyingine, ya 235, kimeng'enya hicho hicho hudhoofika. Hapa tunafuata badiliko la kwanza, yaani naitrosilesheni, kwa njia iliyotolewa mwaka 2001, ambapo naitriki oksaidi hubadilishwa na bayotini, vitamini inayotumika hapa kama alama.

Otesha miche katika maji ya virutubisho, kisha nusu yake iongezewe chumvi ya milimola 150 kwa lita, ambayo ni takriban gramu 8.8 za kloridi ya sodiamu safi katika lita moja. Vuna makundi yote mawili saa ile ile, yagandishe majani papo hapo katika naitrojeni ya kimiminika, na uyasage bila kuyaacha yayeyuke.

Kuanzia hapo fanya kazi mbali na mwanga wa jua, kwa sababu kifungo cha naitriki oksaidi na salfa ya sisteini huvunjwa na mwanga. Bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya HEPES yenye pH 7.7 iwe na EDTA na neokuproini za kufunga madini, hasa shaba. Jani, tofauti na tishu nyingi za wanyama, limejaa askobeti (vitamini C) na glutathayoni vyake lenyewe, na vyote viwili vinaweza kuharibu kifungo hicho kabla hujakipima. Kwa hiyo usichelewe kati ya kusaga na hatua inayofuata.

Sisteini zilizo huru zizibwe kwa MMTS ya milimola 20 pamoja na SDS, sabuni inayokunjua protini, ya asilimia 2.5, katika nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 20, huku ukitikisa mara kwa mara. Hatua hii ndiyo ningeisimamia kwa ukali kuliko zote, kwani kila sisteini itakayobaki wazi itabeba bayotini baadaye na kukudanganya. MMTS iliyobaki iondolewe kwa kuifanya protini itengane na kutuama chini kwa asetoni baridi, kisha kuiosha. Ndipo uongeze askobeti, inayong'oa naitriki oksaidi, pamoja na bayotini-HPDP, inayokaa mahali palipoachwa, kwa muda wa saa moja.

Mwishoni protini hutenganishwa kwenye jeli, na zile zenye bayotini huonekana kama mistari. Kila sampuli iwe na mwenzake asiyetiwa askobeti. Mistari inayoonekana hata huko haitokani na naitrosilesheni: mingine ni sisteini ambazo hazikuzibwa, na mingine ni protini zenye bayotini ya asili, kama vile kaboksilesi ya asetili-CoA. Andaa pia sampuli iliyotiwa kimakusudi GSNO, kemikali inayotoa naitriki oksaidi, ili ukikosa mistari ujue kama njia ndiyo iliyoshindwa. Jeli iendeshwe bila ditiothreitoli wala merkaptoethanoli, kwa kuwa hizo hukata kifungo kinachoishikilia bayotini.

Ili kukiona kimeng'enya chenyewe, nasa protini zenye bayotini kwa shanga za streptavidini, protini inayoishika bayotini kwa nguvu, kisha utumie kingamwili ya askobeti peroksidesi. Kingamwili hiyo itumike pia kwenye mchuzi ambao haujanaswa, la sivyo ongezeko la kimeng'enya lenyewe utalihesabu kuwa ongezeko la naitrosilesheni. Naitresheni ya tairosini, yaani lile badiliko la pili, nayo huchunguzwa kwa kingamwili ya 3-naitrotairosini.

Utendaji wa kimeng'enya upimwe kwa kufuatilia askobeti inavyopungua katika mwanga wa nanomita 290. Mchuzi wa kipimo hiki ukamuliwe peke yake, bila MMTS wala SDS, na bafa yake iwe na askobeti kidogo, kwani kimeng'enya hiki, hasa cha kloroplasti, hufa haraka kikiikosa.