Jinsi ya kuhakiki matokeo ya msimu wa zamani: Michigan 1901

Kila anayeniomba nimwonyeshe namna ya kuandaa jedwali la msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, namwanzisha na timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ya 1901. Ilicheza mechi 11, ikashinda zote, ikafunga pointi 550 bila kufungwa hata moja. Ni namba za kutia shaka, na kwa sababu hiyo zinafaa sana kwa mazoezi.

Hatua ya 1: Panga mechi kwa mfuatano. Anza 28 Septemba, kila mpinzani na pointi ambazo Michigan ilimfunga: Albion 50, Case 57, Indiana 33, Northwestern 29, Buffalo 128, Carlisle 22, Ohio State 21, Chicago 22, Beloit 89, Iowa 50, Stanford 49. Andika sifuri ya kila mpinzani kwa mkono wako. Ukiacha nafasi wazi, kesho hutajua kama ulihakiki au ulisahau.

Hatua ya 2: Fuata msimu, usifuate kalenda. Mechi ya Stanford ilichezwa Pasadena, California, 1 Januari 1902, lakini ni ya msimu wa 1901. Ukiiacha nje utapata 501 na kudhani waliokutangulia walikosea kujumlisha.

Hatua ya 3: Tafuta kanuni za mwaka husika. Leo tachidauni, yaani kufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani, ni pointi 6. Mwaka 1901 ilikuwa 5, mkwaju wa nyongeza unaopigwa baada ya tachidauni 1, na goli la mkwaju katikati ya mchezo 5 pia, sawa kabisa na tachidauni. Timu ilipewa majaribio 3 ya kusogea yadi 5. Pasi ya mbele, yaani kumrushia mwenzako mpira kuelekea mbele, haikuruhusiwa hadi 1906, kwa hiyo ukikuta maelezo ya mechi hizi yanayotaja pasi ya namna hiyo, yatilie shaka.

Hatua ya 4: Vunjavunja angalau mechi moja. Hapa niliwahi kuteleza vibaya. Niliiona ile 49 ya Pasadena nikaandika tachidauni 7, kila moja na mkwaju wake, kwa kanuni za leo: 7 mara 7. Hesabu ilikaa sawa, nikalala usingizi. Kumbe zilikuwa tachidauni 8, yaani pointi 40, mikwaju ya nyongeza 4 iliyoingia, na goli moja la mkwaju. Arobaini, nne na tano: 49. Neil Snow wa Michigan peke yake alifunga tachidauni 5, basi mwandikie pointi 25. Ukimpa 30 umemhamishia kanuni za leo.

Hatua ya 5: Jaza safu ya maelezo. Watu huiruka, nami naipenda kuliko zote, maana ndiko mechi inakorudi kuwa ya watu. Stanford waliomba mchezo usimamishwe zikiwa zimebaki dakika 8. Michigan walimaliza na wachezaji 11 walewale walioanza. Na kocha wao, Fielding Yost, mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa akiinoa Stanford.

Ukimaliza, endelea na 1902, ila usihangaike kutafuta mechi ya Januari. Sherehe za Mwaka Mpya za Pasadena, ambazo mechi ile ya Stanford ilikuwa sehemu yake, hazikuwa na futiboli tena hadi 1916, na msimu wa Michigan wa 1902 unaishia Novemba.