Kutabiri tope la mto kwa akili mnemba: mwongozo kwa mafundi wa mitambo ya maji

Maji ya bomba ya jiji la Tanga yanatoka Mto Zigi. Mto huo unaanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, na maji yake yanakusanywa bwawa la Mabayani kabla ya kusafishwa. Mvua inaweza kupiga Amani usiku kucha huku watu wa Ngamiani wamelala chini ya nyota. Kisha fundi wa zamu anafungua koki ya sampuli, anakuta maji rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo hekaheka inapoanza: shabu ya kutuliza tope iongezwe kiasi gani, machujio yataziba lini, pampu zipunguzwe au ziachwe?

Kazi hiyo imekuwa ngumu zaidi kwa sababu misimu haitabiriki kama zamani. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua ikija huja kwa kishindo. Vuli ya 2021 ilitunyima, vuli ya 2023 ikaja na El Niño, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikapiga pwani yetu. Ninachoeleza hapa ni namna ya kutengeneza modeli ndogo inayokisia tope la kesho, kwa kompyuta ya kawaida na programu za bure. Nimeifanya kwenye mtambo mdogo mkoani Tanga, na nimekosea mara nyingi kabla ya kupata.

Hatua ya 1: Daftari la zamu

Usianze na kompyuta. Nenda chumba cha zamu, omba madaftari ya miaka yote yaliyopo. Unachotafuta ni tarehe, saa, tope la maji ghafi kwa NTU (kizio cha kupimia ukungu wa maji), na kilo za shabu zilizotumika.

Kurasa unaweza kuzipiga picha ukaziingiza kwenye programu ya akili mnemba ikakupangia jedwali. Inaokoa siku nyingi. Lakini mwandiko wa saa 10 usiku haumheshimu mtu: 1 inasomwa 7, nukta inapotea, na 12.5 inageuka 125. Chukua kurasa 20 bila kuchagua, uzihakiki mwenyewe kwa jicho. Zikiwa na makosa zaidi ya mawili matatu, hakiki zote. Na kama daftari lina majina ya wateja au namba zao za simu, zifunike kabla ya kupiga picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Ukiwa pale, kaa na wazee. Mimi nilimsalimu mzee mmoja wa zamu ya usiku, shikamoo, marahaba, nikamwuliza yeye anajuaje tope linakuja. "Mwanangu," akaniambia, "maji yakinuka majani mabichi, usingoje mashine." Tukaongeza safu ya harufu kwenye daftari, ndiyo au hapana. Leo ni miongoni mwa safu zinazoisaidia modeli kuliko nilivyotegemea.

Hatua ya 2: Mvua ya mlimani, si ya mjini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutumia mvua ya mjini kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kupatikana. Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka na Tanga mjini karibu 1,300, na siku zake hazifanani. Tafuta vipimo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa vya juu ya mto. Pale penye mapengo, jazia na mvua ya setilaiti. Vyanzo viwili vya bure ni CHIRPS na IMERG. CHIRPS ina kumbukumbu tangu 1981, lakini toleo lake kamili hutoka mwezi unaofuata. IMERG huja baada ya saa chache. Ifundishe modeli kwa chanzo kilekile utakachokitumia kila asubuhi. Ukiifundisha kwa CHIRPS halafu ukailisha IMERG, ni kama kupima unga kwa kibaba cha duka moja na kulipa kwa kibaba cha duka lingine.

Angalia pia saa. Kituo chetu cha mvua husomwa saa 3 asubuhi, ilhali siku ya setilaiti huanza saa 9 usiku. Usiposawazisha, mvua yako itahama siku nzima, na utadhani mto una kasi usiyokuwa nayo.

Hatua ya 3: Panga safu

Kila mstari uwe siku moja: tope la leo, mvua ya leo, ya jana, ya juzi, jumla ya siku 7, kina cha bwawa, mwezi, harufu. Safu ya mwisho ni tope la kesho. Badili NTU kuwa logi (logarithimu), kwa sababu siku chache zenye tope kali zinazimeza nyingine zote.

Hatua ya 4: Mpe mpinzani mjinga

Kabla ya modeli yoyote, kisia hivi: tope la kesho litakuwa sawa na la leo. Pima makosa yake. Siku za kawaida mpinzani huyu ni hodari ajabu, na modeli isiyomshinda siku za mvua haina kazi.

Hatua ya 5: Fundisha, ukikata kwa tarehe

Mimi natumia msitu wa miti ya maamuzi (random forest) uliomo kwenye scikit-learn, maktaba ya lugha ya programu ya Python. Kama hujui kuandika programu, eleza kazi yako kwa Kiswahili kwenye programu ya mazungumzo ya akili mnemba, itakuandikia. Kisha ikueleze mstari kwa mstari mpaka uelewe.

Usigawe data kwa kuchanganya siku kama karata. Nilifanya hivyo nikapata matokeo ya kushangaza, nikayatangaza kwenye kikao, nikapigiwa makofi. Kumbe Jumanne ilikuwa kwenye mafunzo na Jumatano kwenye mtihani, na tope la siku hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Nilipofundisha kwa miaka ya nyuma na kutahini kwa mwaka wa mwisho peke yake, ubora ukaporomoka. Nilirudi kikaoni kusema hivyo. Makofi hayakuwepo.

Hatua ya 6: Ifundishe kusema "sijui"

Hapa ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapouma. Msitu wa miti ya maamuzi hukisia kwa wastani wa siku ulizowahi kuuonyesha. Kama tope kubwa kuliko yote kwenye daftari lako ni NTU 400, hautasema 600 hata mto ukija na magogo. Yaani siku unayoihitaji zaidi ndiyo siku inayokudanganya kwa utulivu.

Kwa hiyo weka kizuizi nje ya modeli: mvua ya siku moja au ya siku 7 ikipita ile kubwa kuliko zote zilizomo kwenye mafunzo, skrini isitoe namba. Iandike tu: SIJUI, PIMENI. Maabara wafanye jatesti, vyombo sita vyenye shabu tofauti, na warudie kila baada ya saa chache. Hata siku za kawaida namba ya modeli isifungulie shabu moja kwa moja. Shabu ikizidi hushusha pH, yaani maji huwa na asidi zaidi, na ikipungua tope hupita na kuilinda bakteria dhidi ya klorini.

Hatua ya 7: Ubao

Kila saa 1 asubuhi mkuu wa zamu anaandika ubaoni makisio ya kesho, na chini yake kipimo halisi cha leo. Tofauti kati ya kipimo hicho na makisio yaliyoandikwa jana ikiwa kubwa siku tatu mfululizo, angalia kwanza kipima-tope kama kioo chake kimefutwa. Kwetu, mara nyingi modeli haikuwa na hatia.

Ifundishe upya Juni, masika yakiisha, na Januari baada ya vuli. Faili la zamani usilifute. Lipe tarehe, uliweke kando.