Jellyfin haioni video kwenye Raspberry Pi? Anza na geti, usianze na chumba

Mamangu anakaa Umoja. Nyuma ya televisheni yake nimefunga Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo inayotumia Linux) yenye Jellyfin, programu ya kutazama video zako mwenyewe kwenye televisheni, na diski ya nje iliyojaa video za familia: harusi, ruracio (sherehe ya mahari) ya dada yangu, na ile ambayo nyanya anatubariki mwaka mmoja kabla hajafariki. Jumapili moja shangazi walikuja kuitazama. Chai ikamiminwa, televisheni ikawashwa, maktaba ikawa tupu. Diski ilikuwa inawaka taa, na mimi nikizifungua faili kwa mkono wangu zinacheza vizuri.

Hapo ndipo wengi hupotea. Faili zinafunguka kwako kwa sababu wewe ni wewe. Jellyfin ikiwekwa kwa pakiti ya Debian (faili ya kusakinishia programu kwenye Linux ya aina hiyo) haitumii jina lako. Ina mtumiaji wake, anayeitwa jellyfin, na huyo ni mgeni kwenye folda zako. Tena haitakuambia kwamba imenyimwa ruhusa. Inasema tu njia haipatikani, au inapekua maktaba na kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuangalia kwa macho yake, kwa amri hii kwenye terminal:

sudo -u jellyfin ls /media/nyumbani/KUMBUKUMBU

(Kwetu jina la mtumiaji ni nyumbani, na diski inaitwa KUMBUKUMBU. Weka yako.) Ukiona "Permission denied", shida ni ruhusa, na huna haja ya kuing'oa programu na kuiweka upya. Nimewaona watu wakifuta mfumo mzima kwa jambo la dakika kumi.

Sasa tafuta mlango uliofungwa. Nyumba zetu za ploti mnazijua: mgeni anapita geti, anapanda ngazi, ndipo afike mlangoni. Ukiacha mlango wazi na geti limefungwa, hafiki. Folda ni hivyo hivyo. Herufi x kwenye folda ni ruhusa ya kupita, na lazima iwepo kwenye kila folda ya njia nzima. Amri hii inakuonyesha milango yote, mmoja baada ya mwingine:

namei -l /media/nyumbani/KUMBUKUMBU

Kwangu, folda ya diski ilikuwa sawa kabisa. Iliyofungwa ni /media/nyumbani: drwxr-x---+, na mwenye folda ni root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Diski ikijipachika yenyewe (yaani ikiunganishwa na folda ili ifunguke) kupitia dawati, ile skrini yenye madirisha, la Raspberry Pi OS, folda hiyo hutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeingia kwenye mashine, na wengine hawapiti. Ile alama ya + mwishoni ni ruhusa ya ziada aliyopewa yeye peke yake.

Kuna mtu alinishauri nipige chmod 777, amri ya kumfungulia kila mtu kila kitu, kila mahali. Tafadhali usifanye hivyo. Unaipa kila programu kwenye mashine uwezo wa kufuta sauti ya nyanya yako. Na kama diski imepangwa kwa mfumo wa exFAT, kama yangu, haibadilishi kitu kwenye diski yenyewe: exFAT haihifadhi mwenye faili wala ruhusa za Linux. Ruhusa zinaamuliwa wakati wa kupachika.

Dawa ni kuipa diski mahali pake pa kudumu, nje ya /media. Pata UUID (namba ya utambulisho wa diski) kwa sudo blkid, tengeneza folda kwa sudo mkdir /srv/video, kisha ongeza mstari huu, wenye UUID yako, kwenye /etc/fstab, faili inayoorodhesha diski za kupachikwa mashine ikiwaka:

UUID=1A2B-3C4D /srv/video exfat defaults,nofail,uid=1000,gid=1000,umask=022 0 0

Namba 1000 kwa kawaida ni mtumiaji wa kwanza. Hakikisha kwa amri ya id. Umask=022 inawaacha wengine wasome bila kuandika, na kutazama hakuhitaji zaidi ya hapo. Usiliache neno nofail. Bila hilo, diski ikikosekana siku stima imepotea na kurudi, mashine inaweza kukwama ikiisubiri. Halafu:

sudo umount /media/nyumbani/KUMBUKUMBU
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a

Rudia ile ls ya kwanza, sasa ukitumia /srv/video. Ikikuonyesha faili, ingia Jellyfin, badilisha njia ya maktaba, upekue upya.

Diski ya ext4, mfumo wa Linux wenyewe, ni rahisi zaidi, kwa kuwa inakumbuka ruhusa. Kwenye mstari wa fstab andika ext4 badala ya exfat, na utoe uid, gid na umask. Ikishapachikwa:

sudo chown -R nyumbani:jellyfin /srv/video
sudo chmod -R u=rwX,g=rX,o= /srv/video

X kubwa inatoa ruhusa ya kupita kwenye folda bila kugeuza kila video kuwa programu. Ukiongeza chmod g+s kwenye folda, faili mpya utakazounda humo zitarithi kundi la jellyfin.

Ukiamua badala yake kumwingiza jellyfin kwenye kundi lako, andika sudo usermod -aG nyumbani jellyfin, na ile a isikutoke. Ukiandika -G peke yake unamtoa kwenye makundi yake mengine ya ziada. Kisha sudo systemctl restart jellyfin, maana programu iliyokwisha kuwaka haijui kundi jipya.

Mwisho, zima na uwashe Pi ukiwa bado hapo, upige ile ls tena. Mimi natoka Ruaka, matatu mbili hadi kwa mamangu, na mara ya kwanza niliondoka bila kufanya hivyo.